Nauli ya kifodi ikishuka, mtu wa boda habanduki

Kila foleni ikizidi Arusha, anatokea mtu na dawa ileile: shusheni nauli za vifodi, zile daladala ndogo, watu wataacha boda na magari yao. Jamani, hapana. Abiria halipi nauli tu, analipa na dakika zake, na hizo ndizo zinazomuuma.

Tuchukue mtu wa Njiro anayekwenda mjini. Tuseme dakika yake ni shilingi 40, ila dakika ya kutembea hadi kituoni au kusubiri tunaihesabu mara mbili. Kifodi: nauli 600, kutembea dakika 8, kusubiri 12, safari 25. Jumla 3,200. Boda: 2,000 na dakika 15, kutoka mlangoni. Jumla 2,600. Kata nauli ya kifodi nusu: 2,900, boda bado inashinda. Iache nauli ilivyo, punguza kusubiri hadi dakika 3: 2,480. Sasa anapanda kifodi.

Hiyo "mara mbili" inatoka kwenye miji ya mabasi yenye ratiba. Pale stendi ya Kilombero, gari lisipoondoka hadi lijae, naishuku. Nadhani inauma zaidi, hasa mvua ikinyesha.

Kinachonikera zaidi ni kusahau hesabu ya tajiri, mwenye kifodi. Jioni dereva anadaiwa kiasi kilekile, nauli ipande ishuke. Ukiishusha bila ruzuku atafidia wapi? Atakaa stendi mpaka wajae na wa kusimama, atakatisha ruti, mchana abiria wakipungua atapaki. Umempunguzia abiria shilingi, umemwongezea dakika, na boda inamsubiri palepale.

Tallinn, mji mkuu wa Estonia, walifanya usafiri wa umma bure kwa wakazi mwaka 2013. Kilichopungua zaidi ni kutembea kwa miguu, si magari.

Mwenye gari binafsi yeye hata haijui nauli ya kifodi. Bima ameshalipa, asubuhi anaona mafuta tu, kazini anapaki bure. Huyo anaguswa na ada ya maegesho, tena ya saa. Ukimuuzia ya mwezi, akishailipa kila safari anaiona ya bure na anazidisha. London walianza kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji Februari 2003, pauni 5 kwa siku, na magari yakapungua. Kwetu nisingeanza na kamera za kusoma namba za magari kama zao. Ningeanza na maegesho ya kuzunguka Mnara wa Saa, na makusanyo yake yalipie vifodi kuondoka kabla havijajaa.