Mkate Usiokandwa: Tunayoamini na Yaliyo Kweli

Jirani yangu hapa Mbagala hununua boflo dukani kila asubuhi, ilhali kabatini kwake unga wa ngano haukosekani. Sababu yake ni moja tu: "Mkate unataka kukandwa, dada, na mimi mikono hiyo sina." Maneno hayo nimeyasikia kwa wengi, na yananiuma, kwa sababu mkate ninaooka mimi kila wiki haukandwi kabisa.

Dhana: Donge lisilokandwa haliumuki.

Tunachokitafuta tunapokanda ni glutini, ule utando unaovutika na kuizuia hewa ya hamira isitoroke. Utando huo hutokana na protini za unga wa ngano, nazo huanza kushikana mara tu zinapokutana na maji. Kukanda kunaharakisha tu. Ukiliacha donge lenye maji mengi lilale usiku kucha, protini hushikana zenyewe, na mapovu ya hamira hulinyoosha donge kwa ndani polepole, kazi ileile ambayo ingefanywa na viganja vyako.

Njia hii ilivuma Novemba 2006, gazeti la The New York Times lilipochapisha mkate wa Jim Lahey, mwokaji wa jijini New York. Lakini sisi watu wa pwani tusiione ngeni sana. Mkate wa kumimina nani amewahi kuukanda? Na vitumbua je? Unaloweka mchele, unasaga, unatia hamira, unafunika, unaenda kulala. Mchele hauna glutini, kweli, ila kuuachia muda ufanye kazi tulijifunza kwa bibi zetu.

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano vikombe 3, chumvi kijiko cha chai kimoja na robo, hamira ya chenga robo kijiko cha chai, maji kikombe kimoja na nusu. Koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu. Donge litanata na kuonekana bovu. Usiongeze unga! Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Dhana: Hamira nyingi ndiyo mkate mzuri.

Watu humwaga pakiti nzima ya gramu 11 kwenye vikombe hivyo 3. Kwa mkate wa kulala, donge hilo litafura upesi, litanywea kabla hujaamka, na utakachookota asubuhi kinanuka pombe. Lahey alipanga saa 12 hadi 18, lakini alipimia jiko lenye nyuzi joto 21 hivi. Dar usiku wa Februari uko mbali na hapo. Mimi huchanganya saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi donge liko tayari: limefikia mara mbili ya ukubwa wake na juu limejaa viputo. Amini macho kuliko saa.

Sukari nayo si lazima. Unga wenyewe una vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira hula hiyo. Maji ya moto ndiyo adui: hamira hufa ikifika karibu nyuzi 60. Kwa joto letu, maji ya bombani yanatosha.

Dhana: Bila ovena hakuna mkate.

Keki ngapi za sherehe mtaani zimeokwa kwa makaa juu na chini? Chukua sufuria nzito yenye mfuniko unaobana, ipashe moto sawasawa, nyunyiza unga chini, kisha mimina donge. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Mvuke unaofungiwa humo hulifanya ganda libaki laini kwa muda, mkate upate nafasi ya kutanuka kabla haujakauka. Baada ya nusu saa chungulia. Ukiugonga chini ukasikika mtupu, umeiva. Sufuria nyembamba huunguza chini, ivumilie kwa moto mdogo zaidi. Na tafadhali, jiko la mkaa likae nje au penye hewa ya kutosha. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na inaua.

Dhana: Mboga ya haraka haijaiva.

Kwa mkate huu mimi napenda mchicha wa nazi. Wengi huuchemsha mpaka ugeuke rangi ya udongo, kisha wanamwaga maji. Vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na moto, kwa hiyo umeimwaga. Kaanga kitunguu na nyanya zilainike, tia mchicha uliooshwa kabla ya kukatwa, geuza dakika 3 au 4, maliza kwa tui zito ukikoroga lisikatike. Dakika 15, na mchicha bado ni wa kijani.

Dhana: Mkate ukae kwenye friji.

Ubaridi wa friji huufanya wanga ujipange upya na kukaza, mkate ukakauka upesi kuliko mezani. Kwa unyevu wa Dar ukungu nao hauchelewi, kwa hiyo funga kwa kitambaa kipande cha siku mbili, kilichobaki kikate slesi na uweke kwenye friza. Ila usiukate ukiwa wa moto. Subiri saa nzima, maana ndani bado unajikamilisha, na kisu kitautoa ukinata kama uji.