ECG inavyopima unene wa msuli wa moyo, na mahali inapopitiwa

Mtu akiambiwa moyo wake "umekuwa mkubwa", mara nyingi haelezwi ni ukubwa wa namna gani. Kuna moyo uliotanuka, ambao vyumba vyake vimekuwa vipana, na kuna moyo ambao kuta zake zimenenepa. Hapa nazungumzia huo wa pili, na hasa ukuta wa chumba cha chini kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima.

Kisababishi tunachokutana nacho zaidi ni shinikizo la juu la damu lililokaa miaka bila kudhibitiwa. Chumba hicho kinasukuma dhidi ya mzigo mzito kila pigo, na msuli wake unajaa. Vali ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ikibana hufanya vivyo hivyo. Wengine, wapata mmoja kati ya watu 500, wana ugonjwa wa msuli wenyewe kunenepa, ambao mara nyingi hurithiwa. Unene huu usichukuliwe kuwa ni nguvu. Ukuta mnene huwa mgumu, haulegei vizuri kupokea damu, huhitaji oksijeni nyingi zaidi, na mapigo yake huvurugika kwa urahisi.

ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, haioni ukuta, inasoma umeme. Vibandiko 10 huwekwa kifuani, mikononi na miguuni, kisha mashine huchora michoro 12, kila mmoja ukiutazama moyo kutoka upande wake. Kwa kipimo cha kawaida, milimita 10 za kwenda juu kwenye karatasi ni milivolti 1. Msuli ukiongezeka, umeme unaoelekea kushoto huongezeka pia: vilele vya michoro ya kushoto hurefuka, na mabonde ya michoro ya kulia huzama.

Mwaka 1949 madaktari Sokolow na Lyon walipendekeza hesabu ambayo bado tunaitumia. Katika kila pigo, R ni kilele cha kwenda juu na S ni bonde linalokifuata; V1 hadi V6 ni michoro ya kifuani, kutoka kulia kwenda kushoto. Chukua kina cha bonde la S katika mchoro wa V1, ujumlishe na kilele cha R katika V5 au V6, kile kilicho kirefu zaidi. Ikifika milimita 35, tunashuku unene. Bonde la 14 na kilele cha 25, kwa mfano, hutoa 39. Kanuni nyingine, iitwayo ya Cornell, hujumlisha kilele cha R cha aVL, mchoro wa upande wa mkono wa kushoto, na bonde la S la V3, na mpaka wake hutofautiana: zaidi ya 28 kwa wanaume, zaidi ya 20 kwa wanawake.

Tatizo ni kwamba hesabu hizi hukosa wagonjwa wengi. Mafuta ya kifua, mapafu yaliyojaa hewa kupita kiasi au maji kuuzunguka moyo hufifisha umeme kabla haujafika kwenye ngozi, na karatasi ikatoka safi ilhali ukuta umenenepa. Nimeona mara nyingi mgonjwa wa presha akirudi nyumbani na faraja isiyo na msingi kwa sababu hiyo. Kwa upande mwingine, kijana mwembamba au mwanariadha anaweza kuwa na vilele virefu sana bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo maneno yanayochapwa na mashine juu ya karatasi yasikutishe kabla daktari hajayasoma. Binafsi hushtuka zaidi vilele virefu vinapoambatana na mstari wa ST (sehemu inayofuata bonde la S) ulioshuka na wimbi la T (wimbi linalofuata mstari huo) lililopinduka katika V5 na V6. Hapo msuli unaelekea kuwa umeelemewa.

Jibu lenyewe hutoka kwenye eko, ultrasaundi ya moyo, inayopima ukuta kwa milimita. Kwa mtu mzima ukuta wa kawaida hauzidi sana milimita 10. Ukifika 15 bila presha wala tatizo la vali kuueleza, tunafikiria ule ugonjwa wa msuli, na tunaomba wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa nao wapimwe.

Presha ikishushwa na kubaki chini, ukuta unaweza kupungua taratibu, na vilele vya ECG hupungua nao. Kwa hiyo usitupe karatasi zako za zamani. Njoo nazo kliniki, kwani karatasi ya mwaka juzi ikiwekwa kando ya ya leo hunionyesha kama dawa zinafanya kazi.