Umebakwa chuoni: maswali ya saa 72 za kwanza na siku zinazofuata

Maswali haya ni ya wanafunzi wa vyuo nchini Kenya. Mara nyingi huanza na "nina rafiki yangu…", na si lazima anayeuliza aseme zaidi ya hapo ndipo ajibiwe.

Ilitokea jana usiku. Nianzie polisi au hospitali?

Hospitali. Kituo cha polisi utakikuta hata kesho, lakini dawa zina saa zake. Dawa za kuzuia VVU, yaani PEP, sharti uzianze kabla saa 72 hazijaisha, na ukizianza mapema ndivyo zinavyokukinga vizuri zaidi. Utazimeza siku 28 mfululizo. Tembe ya dharura ya kuzuia mimba, ile wengi wanaiita P2, hutumika hadi siku ya tano, ila nguvu yake hupungua kadiri unavyochelewa. Ukiitapika kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uimeze, unahitaji nyingine. Kitanzi cha shaba, kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachowekwa kwenye mfuko wa uzazi, nacho huwekwa ndani ya siku hizo tano. Utapewa pia dawa za magonjwa ya zinaa kama kisonono, klamidia na kaswende, na chanjo ya homa ya ini aina ya B ikiwa hujawahi kuchanjwa.

Siku nne zimeshapita? Nenda vilevile. Muda wa PEP umekwisha, lakini mimba bado yaweza kuzuiwa, majeraha yatatibiwa, na utapata mtu wa kuzungumza naye.

Nimeshaoga na kufua. Si ushahidi umekwisha?

Karibu kila mtu hutamani kuoga, na hakuna wa kukulaumu. Kama hujaoga, jaribu kusubiri mpaka daktari akupime. Kama umeoga, bado anaweza kuandika michubuko na majeraha. Nguo ambazo hazijafuliwa zifunge moja moja kwa gazeti au bahasha ya kaki. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu hubaki ndani yake na kuharibu ushahidi. Na simu yako usiifute. Ujumbe wa WhatsApp wa asubuhi yake, "pole kwa jana, nilizidisha," ni ushahidi. Hata risiti ya M-Pesa ya nauli ya boda huonyesha ulitoka pale saa ngapi.

Lazima niripoti ndipo nitibiwe?

La. Matibabu ni haki yako hata kama hujaenda polisi, na miongozo ya Wizara ya Afya inasema huduma hizi ni za bure katika vituo vya serikali. Mhudumu hujaza fomu ya PRC (Post Rape Care), inayoeleza alichokiona mwilini mwako na vipimo alivyochukua. Hakikisha imejazwa, kisha omba nakala yako. Ukiamua kuripoti, iwe leo au baadaye, polisi watakupa fomu ya P3, ripoti ya daktari inayotumika mahakamani, nayo daktari huijaza akitegemea yaliyoandikwa kwenye PRC. Kwa hiyo kwenda hospitali leo hakukufungi kwa lolote. Kunakuachia mlango wazi.

Ukizungushwa au kudaiwa pesa, piga 1195. Ni namba ya bure ya dhuluma za kijinsia, usiku na mchana.

Nilikuwa nimelewa. Tena ni mpenzi wangu.

Hukukosea. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inasema kukubali ni kuchagua mwenyewe, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Aliyelala, aliyezimia au aliyelewa hadi akili haifanyi kazi sawasawa hana uwezo huo. Kwamba mliwahi kulala pamoja, hata juzi, si ruhusa ya jana.

Mimi ni mwanamume. Yananihusu?

Yote. Sheria haichagui jinsia, na PEP ni ileile. Mwili kusisimka wakati wa tendo si kukubali.

Chuo kinataka tuyamalize ndani.

Ubakaji ni kosa la jinai, na kikao cha nidhamu hakichukui nafasi ya mahakama. Unachoweza kudai chuoni ni kuhamishwa chumba, kuahirishiwa mitihani, na mtuhumiwa kuzuiwa kukukaribia. Omba kwa maandishi. Usitie sahihi karatasi ya "maelewano" ukiwa peke yako na watu wazima watatu mbele yako.

Aliyebakwa ni mwenzangu wa chumbani. Nimsaidieje?

Usimuulize alivaa nini wala kwa nini alienda. Mwambie, "Nakuamini. Tuende hospitali ukiwa tayari." Uamuzi wa kuripoti umwachie, usiku ule alinyimwa nafasi ya kuamua, sasa aipate. Chukua nguo za kubadilisha, maana alizovaa huenda zikabaki kama ushahidi. Kisha jiandae kwa wiki nne. PEP huweza kuleta kichefuchefu na uchovu, na wengi huziacha njiani. Wekeni kengele ya simu saa ileile kila jioni, mpikie hata uji ale kwanza, ukae naye mpaka ameze. Vipimo vya VVU hurudiwa baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu. Siku hizo nazo, mwulize kama angependa umsindikize.