Pa kukaa si kipimo cha abiria

Kwenye mialo mingi ya Ziwa Victoria husemwa kwamba mradi kuna pa kukaa, mashua haijajaa. Imani hii ni ya zamani, na inaua watu.

Mbao za kukalia hazijui uzito. Chukua mashua ambayo eneo lake kwenye usawa wa maji ni mita 5 za mraba: kila kilo 50 huizamisha sentimita 1 zaidi. Abiria 7 wa kilo 70 ni karibu sentimita 10. Ongeza magunia 3 ya mahindi ya kilo 100, inazama sentimita 6 nyingine. Bado wote wameketi, bado nafasi ipo, lakini ukingo umekaribia maji na wimbi dogo tu linaingia ndani. Mtu akisimama, hali huwa mbaya zaidi, maana uzito unapanda juu na mashua inaweza kupinduka kabla ya kujaa maji.

Marekani, boti ndogo isiyo na kibao cha uwezo (kinachotaja mwisho wa watu na uzito) hukadiriwa idadi ya watu hivi: urefu kwa futi mara upana, gawanya kwa 15. Futi 15 kwa 5 ni watu 5. Hesabu hiyo ni ya boti za kawaida zisizozidi futi 20, maji yakiwa shwari. Mtumbwi mwembamba wa kuchonga usiupime hivyo. Huyumba upesi mno. Na kukiwa na upepo, au mizigo, shusha watu kabla ya kung'oa nanga, hata kama wamekwisha kulipa nauli.