Toronto au Montreal? Jibu langu linaanzia mwaka 1976

Toronto nenda kwa ajili ya watu, Montreal nenda kwa ajili ya mji. Ndivyo ninavyowajibu wateja wangu kwa kifupi, na karibu kila mara huulizwa nina maana gani. Kazi yangu ni kupanga safari za familia na vikundi kwenda Kanada. Wengi wana ndugu huko, viza wameshaipata, likizo ni fupi, na pesa ya kuzunguka nchi nzima hawana. Wanataka kuambiwa wachague upi. Basi leo nieleze kwa kirefu, ili mwenye swali nimtumie kiungo cha hapa.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Kwa idadi ya wageni, Toronto inaongoza bila ubishi. Ndiyo yenye uwanja wa ndege wenye pilikapilika kuliko vyote Kanada, makao makuu ya mabenki makubwa, na mikutano ya kila aina. Halafu kuna jambo ambalo watu wa masoko ya utalii hupenda kulipita haraka: jamaa. Toronto na vitongoji vyake ina watu zaidi ya milioni 6, na karibu nusu yao wamezaliwa nje ya Kanada. Kila mmoja ana mama anayekuja kumlea mjukuu, shangazi anayekuja harusini, binamu anayekuja "kutazama mazingira". Wote hao huhesabiwa kuwa wageni. Montreal, yenye watu milioni 4 na kidogo, haiwezi kushindana hapo.

Lakini waulize waliofika miji yote miwili ni upi wanaousimulia. Kwa wateja wangu, mara nyingi ni Montreal. Kwa nini mji mdogo, maskini zaidi, wenye baridi kali zaidi, unakaa kichwani kuliko ule mkubwa?

Tarehe 26 Juni 1976 Toronto iliwafungulia watu CN Tower, mnara wa mita 553 uliobaki kuwa jengo refu kuliko yote duniani yanayosimama bila nyaya hadi Burj Khalifa ilipoupita mwaka 2007. Usidhani ulijengwa kwa ajili ya watalii. Majengo mapya ya mabenki yalikuwa yamekuwa marefu kiasi cha kuharibu mawimbi ya televisheni, na mnara ukawa dawa. Yaani kivutio kikuu cha Toronto kilizaliwa kwa sababu pesa zilikuwa zinamiminika.

Wiki tatu baadaye, tarehe 17 Julai, Montreal ikafungua Michezo ya Olimpiki. Afrika Mashariki tunaikumbuka michezo ile kwa sababu hatukuwepo. Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika ziligoma kwa sababu New Zealand, iliyokuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Mtanzania Filbert Bayi alikuwa amemshinda John Walker wa New Zealand kule Christchurch mwaka 1974 kwa rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2. Dunia nzima ilikuwa ikingoja warudiane Montreal. Bayi hakukimbia, na Walker akachukua dhahabu.

Meya Jean Drapeau alikuwa ameahidi kwamba Olimpiki haiwezi kuleta hasara, sawa na mwanamume asivyoweza kuzaa. Uwanja ulifunguliwa mnara wake ukiwa haujakamilika, na deni lake lilimalizika kulipwa mwaka 2006. Miaka 30! Nikiwapeleka wageni pale, huwa hawaamini kwamba lile dude zuri namna ile ndilo lililokuwa likilipiwa kwa kodi ya sigara ya watu wa Quebec, jimbo lenye Montreal, muda wote huo.

Mwaka wenyewe haujaisha. Novemba 1976 chama cha Parti Québécois, kilichotaka Quebec ijitenge na Kanada, kikashinda uchaguzi wa jimbo. Mwaka uliofuata kikapitisha sheria iliyofanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, ya biashara, ya mabango, na ya shule kwa watoto wa wahamiaji. Januari 1978 kampuni ya bima ya Sun Life ikatangaza kuhamishia makao makuu Toronto. Haikuwa peke yake. Makumi ya maelfu ya watu wanaozungumza Kiingereza walifungasha na kushika barabara ya 401 kuelekea magharibi. Sensa ya 1976 ilikuta miji miwili karibu sawa, kila mmoja na watu kama milioni 2.8. Tangu hapo hawajawahi kukaribiana tena.

Wapo wanaosema Kifaransa ndicho kilichoiua Montreal kibiashara. Mimi huona ni maelezo ya mtu aliyeanza kutazama filamu katikati. Mwaka 1959 njia ya meli ya mto St. Lawrence ilifunguliwa, na meli kubwa za baharini zikaweza kuipita Montreal moja kwa moja hadi Maziwa Makuu. Viwanda vya magari vilikuwa vimekusanyika kusini mwa Ontario, jimbo lenye Toronto, jirani na Detroit, na mtaji wa Marekani ukavifuata. Siasa ya lugha iliharakisha kilichokuwa kimeshaanza.

Sasa, pesa zikihama, nyumba kuukuu hubaki. Sisi tunalijua hili kupitia Lamu: biashara ilipohamia Mombasa, Lamu ilibaki na mji wake wa mawe, na leo mawe yale ndiyo mali. Toronto ya miaka ya sitini na sabini ilikuwa na uwezo wa kubomoa na kujenga, ikabomoa na kujenga. Montreal ilibaki na mitaa mizima ya nyumba za ghorofa tatu zenye ngazi za chuma zinazojipinda kwa nje, kama unavyoziona mtaa wa Plateau-Mont-Royal. Mtu wa kuzinunua ili azivunje alikuwa haba.

Nisiwanyime haki wakazi, maana umaskini peke yake hauhifadhi kitu. Mji mkongwe ulitangazwa eneo la kihistoria mwaka 1964. Jumba la tajiri wa reli Van Horne lilipobomolewa mwaka 1973, hasira zilikuwa kubwa, na miaka miwili baadaye likazaliwa shirika la Heritage Montreal. Na ipo kanuni ninayoipenda kuliko zote: ghorofa mpya haziruhusiwi kupita kimo cha mlima. Mont Royal una mita 233 tu, sisi wenye Meru na Usambara tungeuita kilima. Lakini ndio uliolipatia jiji jina, na bustani yake ilichorwa na Frederick Law Olmsted, aliyechora pia Central Park ya New York. Popote ulipo Montreal ukipotea, unatafuta mlima. Ukipotea Toronto unatafuta mnara.

Lugha nayo imegeuka kuwa kivutio, jambo ambalo waliopigana vita ile hawakulipanga. Alama ya kusimama barabarani Ufaransa kwenyewe huandikwa STOP. Quebec nyingi zimeandikwa ARRÊT. Duka la kuku linalojulikana duniani kote kama KFC, pale ni PFK. Wageni hupiga picha vibao hivi kuliko makanisa. Anayetoka Toronto kwa treni, mwendo wa saa tano hivi, anashuka akiwa ndani ya nchi ileile, pesa ileile, viza ileile, lakini kila kitu kimebadilika sauti. Kwa mtalii hiyo ni safari mbili kwa nauli moja.

Sifa ya Montreal kuwa mji wa starehe ni ya zamani zaidi ya haya yote. Miaka ya 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe, wakati Quebec iliiuza kupitia tume ya serikali. Wamarekani walipanda treni kwenda kunywa. Treni hizo zilihudumiwa na wapagazi weusi waliokaa mtaa wa Little Burgundy, karibu na stesheni, na mtaani humo muziki wa jazi ukashamiri. Mpiga piano Oscar Peterson alizaliwa huko mwaka 1925. Tamasha la kimataifa la jazi lilipoanza mwaka 1980 lilikuta shamba limeshalimwa. Toronto wakati huohuo ilikuwa mji wa Waprotestanti wagumu, ambako duka kubwa la Eaton's lilifunga mapazia ya madirisha yake kila Jumapili ili watu wasitamani bidhaa siku ya Bwana. Michezo ya kulipia siku ya Jumapili ilianza kuruhusiwa mwaka 1950.

Je, Toronto haina sura? Inayo. Tatizo ni kwamba sura yake haiko mahali mtalii anapopelekwa. Katikati ya jiji pamefanana na Marekani kiasi kwamba watengenezaji wa filamu hupatumia kuigiza New York na Chicago, na hakuna anayeshtuka. Mgeni anapanda mnara, anatazama samaki, ananunua fulana, analala, anaondoka akisema "ni mji msafi". Huyo hakufika Toronto.

Ninavyowapanga wangu ni hivi. Mnarani hatupandi, tunashika kivuko cha kwenda visiwani, chini ya Bay Street, kwa sababu jiji linapendeza likitazamwa kutoka ziwani na mnara ukiwemo ndani ya picha. Kisha Kensington Market, mtaa ambao Wayahudi waliuanzisha kama soko, wakaja Wareno, wakaja watu wa Karibi, na kila kundi likaacha duka moja au mawili nyuma. Baada ya hapo tunatoka katikati. Scarborough, kwenye vijumba vya maduka vya kando ya barabara vyenye maegesho mbele na mabango yasiyovutia, ndiko kuliko na chakula cha Kitamil, Kichina cha majimbo mbalimbali, Kifilipino. Dixon Road, upande wa magharibi, ni kwa Wasomali. Wengi walipitia Kenya, na pilau ya nyama hapo huja na ndizi mbivu pembeni kama inavyopaswa. Ukija mwanzoni mwa Agosti kuna kanivali ya Karibi, Caribana, ambayo wahamiaji waliitoa kama zawadi Kanada ilipotimiza miaka 100 mwaka 1967.

Na kuna jumba moja ambalo sikubali mteja wa Afrika Mashariki aliruke: Aga Khan Museum, lililofunguliwa mwaka 2014, kazi ya msanifu Mjapani Fumihiko Maki. Ndani ni sanaa ya ulimwengu wa Kiislamu. Lakini linasimulia pia habari ya jamii iliyolizunguka. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Kanada ilipokea maelfu yao, wakiwemo Waismailia wengi, wafuasi wa Aga Khan, na ndege zao zilitua Montreal. Walipokelewa katika kambi ya jeshi, wakapewa makoti ya baridi, kisha wakasambaa nchini. Wengi wakaishia Toronto. Montreal mlangoni, Toronto sebuleni: hata wakimbizi wa kwetu walilijua hili kabla sijaanza kazi hii. Pale jumbani usishangae kusikia mzee anamsemesha mwenzake Kiswahili cha Kampala.

Mizani hii inageuka kabisa kwa wateja wangu wa Bujumbura, Goma na Bukavu. Kwao Kifaransa kimefanya Montreal kuwa ndiko ndugu waliko, ndiko kwenye makanisa yao na kumbi za harusi, na Toronto ndiyo ya kwenda kupigia picha mwishoni mwa wiki. Mrundi mmoja aliniambia Toronto ni "ofisi kubwa". Nilicheka, ila sikuweza kumbishia sana.

Kwa hiyo nauliza maswali mawili kabla ya kukata tiketi. Una mwenyeji Toronto mwenye gari na anayejua kula? Basi kaa Toronto, mji utafunguka. Huna mtu yeyote? Shuka Toronto, lala siku mbili, panda treni uende Montreal ukae huko muda mwingi, kwa sababu Montreal mtu anaweza kuitembea kwa miguu peke yake na bado ikamsemesha. Epuka huko wiki ya mbio za magari za Formula 1, bei za hoteli hupaa. Tarehe 1 Julai nayo ujiandae: mikataba mingi ya nyumba za kupanga Quebec huisha pamoja, hivyo nusu ya mtaa inabeba friji ngazini. Miji ya chini ya ardhi inayotangazwa kwa mbwembwe pande zote mbili ni maduka tu. Inafaa Januari, vinginevyo iache.

Maporomoko ya Niagara yako saa moja na nusu hadi mbili kutoka Toronto kwa gari, na hiyo ni pointi ambayo Montreal haina jibu lake. Upande wa Kanada ndio wenye mandhari nzuri zaidi. Daraja la kuvukia Marekani litakushawishi, na wenye viza ya Kanada peke yake hurudishwa, basi msilisogelee.