Je, wajua kwa nini pangaboi kubwa la polepole ndilo linalofaa karakana ya nyumbani?

Februari, saa nane mchana, Dar es Salaam. Seremala aliyegeuza ua wa nyumba yake kuwa karakana anapiga randa chini ya mabati, na jasho linadondokea ubao. Amenunua feni ya kusimama akaielekeza mgongoni. Nusu saa haijaisha, vumbi la msasa limemjaa machoni, na akisogea hatua mbili tu upande wa pili wa meza hapati upepo hata chembe. Sasa ameamua kununua pangaboi. Dukani muuzaji anamwashia lile linalozunguka kwa kasi kuliko yote na kumwambia ndilo lenye nguvu. Hapo ndipo ningependa tuzungumze naye kabla hajatoa pesa.

Tuanze na hili: pangaboi halipozi hewa. Funga chumba, weka kipimajoto, washa feni, urudi baada ya saa moja. Utakuta joto ni lilelile, au limepanda kidogo kwa sababu mota nayo hutoa joto lake. Kinachopoa ni ngozi yako. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa yenye joto na unyevu, na upepo ukiliondoa, jasho hupata nafasi ya kukauka. Jasho linapokauka huondoka na joto la mwili. Pwani, ambako hewa yenyewe imeshajaa unyevu, jasho hukauka kwa shida, ndiyo maana kukaa mahali pasipo upepo kunachosha kuliko joto lenyewe. Upepo mwanana wa mita 0.8 hivi kwa sekunde unatosha kumfanya mtu ajisikie kana kwamba joto limepungua nyuzi 2 hadi 3. Kwa hiyo hakuna haja ya dhoruba, na ukitoka kwenda kula, zima. Pangaboi linalozunguka katika chumba kisicho na mtu linakula umeme bure.

Kama upepo unaotakiwa ni mwanana, basi jambo la kutafuta ni upana wake. Hewa inayosukumwa na pangaboi hushuka kama nguzo yenye upana wa mduara wa mapanga, hugonga sakafu, kisha husambaa pembeni. Na eneo la duara hukua haraka kuliko kipenyo chake. Feni ya inchi 56 inaizidi ya inchi 48 kwa inchi 8 tu, lakini eneo inalofunika ni kubwa kwa asilimia 36. Ya inchi 72 inafunika mara mbili na robo ya ile ya 48. Seremala hakai mahali pamoja kama karani. Anazunguka meza, anainama, anarudi nyuma kutazama mstari. Anahitaji upepo unaomfuata kote huko.

Upande wa umeme ndiko kuliko na ajabu yenyewe. Ukipunguza kasi ya mapanga hadi nusu, hewa inayosogezwa hupungua hadi nusu, lakini nguvu inayotumika kuisukuma hushuka hadi sehemu moja ya nane. Maana yake ni kwamba kusukuma hewa nyingi polepole ni rahisi kuliko kusukuma hewa kidogo kwa haraka. Chukua mapangaboi mawili ya umbo moja, la pili likiwa na kipenyo mara mbili ya la kwanza. Ili yasogeze kiasi kilekile cha hewa kwa dakika, hesabu inasema lile kubwa litahitaji sehemu 1 tu ya 16 ya nguvu. Mota za kweli hupoteza hiki na kile, kwa hiyo dukani hutapata tofauti kubwa kiasi hicho, lakini mwelekeo hauyumbi. Utulivu nao unatoka hapohapo. Feni ya inchi 48 inayozunguka mara 330 kwa dakika, ncha za mapanga yake zinakimbia karibu kilomita 75 kwa saa. Sauti ile inayokulazimisha kupaza sauti ukiongea na mteja ni ya hewa inayokatwa kwa mwendo huo.

Wazo hili lilikuzwa kwanza kwa ajili ya ng'ombe. Katika miaka ya 1990 huko California, Walter Boyd alitengeneza mapangaboi makubwa sana kwa mabanda ya ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa ng'ombe akizidiwa na joto hula kidogo na maziwa hupungua. Kutoka mabandani yakaingia kwenye maghala na viwanda, na leo yapo yenye kipenyo cha futi 24. Sisi huku jina tulilolipa chombo hiki lina kumbukumbu nyingine kabisa. Lisikilize: panka, neno la Kihindi kwa kifaa cha kupepea, na boi, mtumishi wa nyumbani. India ya wakoloni walikuwako watu walioajiriwa kuvuta kamba siku nzima ili kitambaa kikubwa kilichoning'inia darini kiwapepee mabwana. Siku hizi kazi ile inafanywa na mota. Na mota ya kwanza kufungwa mapanga ikatundikwa darini, mwaka 1882, ilikuwa kazi ya Philip Diehl, fundi aliyekuwa akitengeneza mota za cherehani za Singer. Fundi nguo anayeshona chini ya pangaboi, basi, ana ndugu wawili wa ukoo mmoja chumbani: cherehani ya umeme na pangaboi.

Turudi karakanani. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatoshwa na feni ya inchi 56 au 60. Kama una mita 6 kwa 8, tafuta ya inchi 72 na kuendelea, au funga mbili za 56, moja juu ya meza ya kazi na nyingine juu ya mashine. Acha angalau nusu mita kati ya ncha za mapanga na ukuta. Usiibandike darini pia: panga linalokaribiana sana na dari halina hewa ya kuvuta kutoka juu, kwa hiyo shusha kwa bomba mpaka pabaki sentimita 20 hadi 30.

Kwenye kimo ndipo wengi wanapokosea, na kosa hili ni la hatari. Kanuni ya kawaida ni mapanga kukaa zaidi ya mita 2.3 kutoka sakafuni, na kwa sebule inatosha kwa sababu kinachopita chini yake ni kichwa cha mtu. Karakanani kinachopita ni mbao. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ikisimama wima ina mita 2.44, tayari imefika kwenye mapanga. Ukiigeuza ili ilale upande wa pili, kona yake hupanda hadi mita 2.73. Ubao wa futi 12 begani mwa kijana anayegeuka mlangoni hupanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo pima kwa ubao mrefu unaougeuza ndani, usipime kwa kichwa chako. Mimi nisingefunga pangaboi karakanani ikiwa mapanga hayawezi kukaa mita 3 kwenda juu. Paa likiwa la chini, achana nalo kabisa, funga feni mbili za ukutani kwenye pembe zinazokabiliana. Si fahari, lakini hakuna atakayeumia.

Taa nazo. Taa ikiwa juu ya mapanga, kila panga linalopita hukata mwanga, na meza nzima hupepesuka kivuli na nuru. Kwa mtu anayesukuma ubao kwenye msumeno wa duara, kupepesuka huko ni balaa: jicho huchoka, na kitu kinachozunguka huweza kuonekana kimesimama au kinakwenda polepole. Shusha taa ziwe chini ya usawa wa mapanga, au zifunge nje ya mduara wake.

Kuhusu vumbi nitasema wazi: pangaboi haliliondoi. Linalizungusha. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na lile laini kabisa la msasa ndilo linaloelea kwa muda mrefu. Upepo wa polepole huliinua kidogo kuliko feni ya kasi, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda pangaboi kubwa, lakini barakoa na mashine ya kuvuta vumbi vinabaki palepale. Siku ya kupaka vanishi, zima na usubiri ikauke, la sivyo vumbi litatua juu ya kazi yako. Ukipuliza rangi yenye thina, usiwashe chochote cha umeme kinachoweza kutoa cheche, fungua milango.

Kama paa ni mabati matupu, fahamu kwamba hewa moto hujikusanya chini yake na pangaboi litaishusha ikuangukie. Acha matundu ya hewa chini ya upenu au kwenye kilele cha paa, na ukiweza weka dari. Feni haina uwezo wowote juu ya joto linalomulika kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi utosini mwako. Pesa ya dari mara nyingi ingetangulia pesa ya pangaboi.

Mota za aina ya zamani kwenye feni ya inchi 56 hula wati 75 hivi. Zile mpya zisizo na brashi, za BLDC, hula karibu 30. Kwa saa 8 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni yuniti 15.6 dhidi ya 6.24, hesabu ambayo mwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, anaielewa haraka. Ila usiunganishe BLDC kwenye regulata ya ukutani. Ina rimoti au kidhibiti chake. Na ukitumiwa pangaboi na ndugu aliyeko Marekani, soma kibandiko kwanza. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60, huku ni 230 au 240 na hezi 50. Ukiliwasha bila kusoma, mota itaungua.

Kutundika, mwite fundi anayejua. Singibodi au jipsam havibebi kitu kinachotikisika. Uzito uingie kwenye kenchi, ubao mnene ukivuka kenchi mbili, au ndoano ya nondo iliyoshikwa ndani ya zege, pamoja na waya wa chuma wa usalama utakaolishika pangaboi siku bolti itakapolegea. Likiyumba baada ya kufungwa, zima, subiri lisimame, kisha chukua futi upime kutoka darini hadi ncha ya kila panga. Panga lililopinda litajionyesha kwa sentimita moja au nusu. Na likianza kusita kuwaka mpaka lisukumwe kwa fimbo, usikimbilie kununua jipya: mara nyingi ni kapasita iliyochoka, kitu kidogo ambacho fundi umeme hubadilisha kwa dakika kumi.