Shaba ilirudi, kazi zikahamia kwingine

Wazazi wa Lubumbashi huniuliza swali moja kila mara: malori ya shaba yanapita usiku na mchana kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mbona watoto wetu hawaajiriwi viwandani?

Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ilitoa takriban tani 476,000 za shaba, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Sasa Kongo nzima inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Lau kila tani ingehitaji mikono ya enzi zile, shaba peke yake ingeajiri zaidi ya watu 120,000.

Mikono imepungua kwa sababu kazi yenyewe imebadilika. Mawe mengi sasa husagwa na kulowekwa kwenye asidi, kisha umeme huigandisha shaba juu ya mabamba ya chuma cha pua. Kuibandua ilikuwa kazi ya watu wenye nyundo na patasi. Kwenye kiwanda cha kisasa mashine hulinyanyua bamba, hulipinda kidogo hadi shaba iachie ukingoni, halafu kisu hupita katikati na karatasi ya shaba huanguka. Mtu mmoja yuko pembeni, anatazama skrini.

Ila hesabu yangu ina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo inayonivutia zaidi. Wale 30,000 hawakuwa wachimbaji na wayeyushaji tu. Gécamines ilikuwa na hospitali, shule na maduka yake, kwa hiyo muuguzi na mwalimu nao walikuwa watu wa kampuni ya madini. Leo mgodi humwita mkandarasi alete mpishi, mlinzi, dereva na mfagiaji. Mpishi anasonga bukari (ugali) ileile, lakini kwenye takwimu amehama kutoka viwanda kwenda huduma. Sehemu ya kuhama huku ni ya kwenye karatasi tu. Mshahara na matibabu ya familia ndivyo vilivyobadilika kwelikweli.

Sehemu nyingine ni ya kweli. Mchumi Mmarekani William Baumol aliieleza miaka ya 1960: mashine huongeza kasi ya kiwanda, lakini kuna kazi zisizokubali kuharakishwa. Kinyozi wa Kenya (mtaa wetu, si ile nchi) anatumia kwenye kichwa kimoja karibu muda uleule aliotumia babu yake. Vitu vya kiwandani vinapokuwa vya bei rahisi, mwenye mshahara hubakiwa na pesa ya kinyozi, ya daktari, ya mwalimu wa jioni, na huduma huvuta watu.

Hapa kwetu wengi hawakuvutwa, walisukumwa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango ulioitwa "wa hiari". Mashine haikuwafukuza, kampuni ilikuwa imeanguka. Walipouza mkaa, walipofungua malewa (vibanda vya chakula) au kuendesha taksi, wateja wao walikuwa majirani waliopoteza mshahara uleule. Huduma ya namna hiyo huongeza wauzaji bila kuongeza wanunuzi.

Anayeniuliza mtoto asomee nini, nami humuuliza: ile mashine ya kubandua shaba ikikwama saa nane za usiku, anaitwa nani? Fundi wa umeme, wa mota na pampu, anayejua pia kusoma skrini. Huyo naye, akiletwa na mkandarasi, huenda akahesabiwa kwenye huduma.